Hatuombi ufunguo wa chumba, tunaomba akaunti

Vijana wenzetu wa Bukavu, na ninyi wa Goma, Uvira na Kindu munaotusoma kwa simu yenye mega za mwisho,

Kule chuo tulikosomea kuko chumba cha mashine. Ordinatere 21, kila moja imefunikwa kitambaa cheupe kama maiti inayongojea familia. Tulizihesabu kupitia dirisha, juu mlango ulikuwa umefungwa. Unafunguliwa saa tatu ya asubuhi, unafungwa saa tisa. Siku ya posho, hapana. Siku ya mungu, hata usiulize. Wakati wa likizo, vumbi njo linasoma pale ndani.

Jina la chuo hatulitaji. Haiko woga. Ukibadilisha rangi ya ukuta tu, chumba hicho unakijua wewe pia.

Sisi tunaoandika haya tuko 11. Wote tuko na diploma ya chuo kikuu, watatu ya informatiki, wengine ya uchumi, kilimo, afya ya jamii. Kazi hatuna. Mmoja wetu anauza unite pa Nyawera, mwingine anaendesha pikipiki ya shemeji yake, mwingine ameacha kujibu watu wanaomuuliza "unafanya nini siku hizi?" Wale watatu wa informatiki walisoma sehemu kubwa ya masomo yao kwenye ubao. Mwalimu alichora mashine kwa chaki, nao wakachora mashine kwa bic. Hatusemi hivyo kwa kumcheka mwalimu. Na yeye hakuwa na ufunguo.

Kila tulipokwenda kulalamika, jibu lilikuwa lile lile: mashine hazitoshi, umeme hautoshi, mlinzi anarudi nyumbani saa tisa. Na sisi kwa muda mrefu tulikuwa tunadai vibaya. Tulidai mashine zingine. Tulidai mlinzi wa usiku. Hatukufikiri hata siku moja kwamba inawezekana kutumia mashine ya chumba kile bila kuingia ndani ya chumba.

Inawezekana. Mashine yenye mfumo huria, ile Linux ambayo watu wengi wanaiogopa bure, haikulazimishi ukae mbele yake. Unaweza kuwa Bagira, umeegemea ukuta na simu mkononi, na ekrani nzima ya mashine iliyo Ibanda, na vipicha vyake, madirisha yake na mshale wake, ikafunguka mbele yako. Unaandika huku, herufi zinatokea kule. Programu inakimbia kule, wewe unaona paka picha yake. Watu kadhaa wanaweza kuingia katika mashine moja kwa wakati mmoja, kila mtu na akaunti yake, kila mtu na ekrani yake, mmoja asione ya mwenzake.

Haiko uchawi, na haiko kitu kipya. Mwaka 1984, pale MIT kule Marekani, walianza kutengeneza mfumo wa madirisha unaoitwa X, na toka mwanzo waliuweka hivi: programu inakimbia kwenye mashine moja, dirisha lake linafunguka kwenye mashine ingine kupitia mtandao. X11, ambayo bado inatumika, ilitoka 1987. Baba zetu walikuwa vijana. Mwaka 1998 watafiti wa maabara moja ya Cambridge, Uingereza, wakaitoa VNC kwa leseni huria, na kodi yake wazi kwa kila mtu. VNC inaangalia ekrani, inaona ni kipande gani kimebadilika, inakutumia kile kipande peke yake. Ukiandika neno moja, kinasafiri kipande cha neno moja. Ukiweka picha kubwa ya maua nyuma ya ekrani, umejiletea mzigo. Weka rangi moja tu, mega zako zitakushukuru. Ukifungua video, usilaumu mtu.

Baadaye zikaja zingine. Kuko xrdp, inayosema lugha ile ile ya Remote Desktop ya Windows, kwa hiyo hata laptop ya kaka yako yenye Windows inaingia. Kuko X2Go, iliyofikiriwa kwa mistari ya polepole kama yetu. Na Ubuntu (mfumo ulioanzishwa 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni utu wetu huu huu, kwa hiyo tuache kusema ni kitu cha Wazungu) toka toleo la 22.04 inakuja na kazi hiyo ndani ya mipangilio yake. Zote bure. Hakuna leseni ya kulipia, hakuna mtu wa kuomba ruhusa.

Lakini kilichotushika sisi roho haiko historia. Ni kukatika kwa umeme.

Dada mmoja wa kundi letu anakaa Kadutu, kule juu ambako mvua ikipiga watu hawalali, wanasikiliza udongo. Alikuwa anachora ramani ya mifereji na ya nyumba zilizo kwenye mteremko mkali, kwa programu QGIS, huria nayo. Laptop yake ni ya zamani, bateri ilikufa, ukichomoa waya inazima palepale. Kwa hiyo tulimfungulia akaunti kwenye mashine ya kundi. Mashine hiyo tuliinunua kwa kuchanga, ni ya mtumba, tumeiweka Nguba kwa rafiki mwenye paneli ya jua. Yeye akawa anaingia kutoka Kadutu.

Siku ile umeme ulikatika saa mbili ya usiku, mtaa mzima. Laptop ikazima. Zamani hapo ni kulia, maana masaa manne ya kazi yangekuwa yamekwenda. Umeme ulirudi saa kumi ya alfajiri. Akaingia tena. Ramani ilikuwa pale, dirisha wazi, mshale pale alipouacha. Na ile hesabu ya miteremko aliyoianzisha kabla ya giza, ambayo laptop yake haijawahi kuimaliza hata mara moja, ilikuwa imeisha. Alituandikia maneno machache: "Kumbe ilitumika usiku wote bila mimi."

Ile asubuhi tuliongea sana. Katika mji ambao Ruzizi inapita chini ya miguu yetu na bado tunapiga hesabu ya masaa ya umeme, kazi ya kijana inakufa kila siku kwa sababu inakaa ndani ya kamashine kabovu kalicho mkononi mwake. Ikikaa kule, kwenye mashine moja nzuri yenye umeme wa uhakika, kamashine kabovu kanabaki dirisha tu. Likivunjika, unatafuta dirisha lingine. Simu ikinyang'anywa usiku, unapiga simu ya jirani, wenzako wanafuta ufunguo wa simu ile kwenye orodha, na faili zako hazikuwa ndani yake.

(Kwa wale watakaojaribu usiku huu huu: ile X ya zamani peke yake, ukipitisha dirisha moja moja, haifanyi hivyo. Mstari ukikatika, programu inakufa nayo. Tumia VNC au X2Go. Tulijifunza kwa machozi, musirudie.)

Sasa tuje kwenye aibu yetu. Tunaisema wenyewe, juu kama hatuisemi, kuna mkubwa mmoja ataisema kwa kutufunga mdomo.

Kampuni za simu hapa kwetu hazimpi mteja wa kawaida anwani yake mwenyewe kwenye intaneti. Watu wengi sana wanawekwa nyuma ya anwani moja. Ni kama nyumba zote za avenue kuwa na lango moja, na mgeni akifika langoni hakuna anayejua nyumba yako ni ipi. Kutoka unaweza, kuitwa kutoka nje huwezi. Kwa hiyo mashine yetu ya Nguba haikuweza kufikiwa kutoka Kadutu hivi hivi. Dawa ni kukodi mashine ndogo kule nje, yenye anwani yake. Mashine ya Nguba inaipigia ile ya nje na kuacha mstari wazi. Wewe ukitaka kuingia unapitia ile ya nje. Binamu ya mmoja wetu anayeishi Ubelgiji alitulipia kwa karte yake ya benki. Yote ilitumika. Tulifurahi. Tulipiga picha.

Na tuliacha mlango wazi. VNC kwa kawaida inasikiliza kwenye mlango namba 5900 na zile zinazofuata. Kwenye mashine ya nje tulitakiwa kuuacha mlango huo usikike ndani ya mashine yenyewe peke yake, yaani anwani 127.0.0.1, na kila mtu aufikie kwa kupita kwanza ndani ya SSH. Sisi, kwa haraka ya kutaka kuonyesha marafiki, tuliufungua kwa dunia nzima. Tulijiambia: nani anatujua? Hakuna haja ya kujulikana. Kuko programu zinazotembea usiku na mchana zikigonga kila anwani ya intaneti, mlango kwa mlango, kama mtoto anayepita na fimbo kwenye mabati. Neno la siri la VNC ya zamani haliendi zaidi ya herufi 8, hata ukiandika 20 inasoma 8 za kwanza. La kwetu lilikuwa na herufi 6, na lilikuwa jina la mtaa.

Dada wa Kadutu alikuwa ndani, karibu saa tano ya usiku. Mshale ukaanza kutembea wenyewe. Alifikiri ni mwenzetu. Akaandika kwenye kundi: nani ameingia? Kila mtu akajibu hapana. Mshale ukafungua faili za kundi, ukashuka polepole, ukasimama, ukafungua moja. Alimpigia simu rafiki wa Nguba, akamwamsha: "Chomoa waya! Usiulize, chomoa!"

Faili iliyofunguliwa ilikuwa daftari la likelemba ya mama 37 wa soko. Tulikuwa tunawawekea hesabu bure, kwa kujionyesha kidogo pia, tukubali. Majina, namba za simu, nani amelipa, nani ana deni, zamu ya nani inafika lini. Sisi wote tunajua katika mji huu maana yake nini mtu asiyejulikana kuwa na namba ya mama na tarehe atakayopokea pesa.

Tuligawana majina, tukaenda kuwaambia mmoja mmoja. Hatukutuma ujumbe. Mama mmoja wa ndizi alitusikiliza bila kuacha kupanga mafungu yake.

"Sasa ule mutu ameona namba yangu?"

"Ndiyo, mama."

"Na ameona niko na deni?"

"Ndiyo, mama. Utusamehe."

Akatutazama kwa muda. "Bana yangu, murudishe bintu kwa daftari. Daftari iko ndani ya kitenge changu, haijue kutembea."

Tulirudisha kwa daftari. Mpaka leo hesabu ya likelemba iko kwa daftari, na hatujawaomba mama wale warudi kwenye mashine. Haki ya kuamua hivyo ni yao.

Lakini kwa kazi zetu wenyewe hatukufunga. Mlango ukajengwa upya, na hapa njo tunataka wakubwa wa chuo watusikilize vizuri, juu najua (samahani, tunajua) watashika habari ya mshale na kusema: munaona! Mwaka 1995 chuo kikuu kimoja cha ufundi pale Helsinki, Finland, kilipatwa na jambo baya kuliko letu. Mtu aliweka programu ya kusikiliza kwenye mtandao wa chuo na kukusanya maneno ya siri ya watu wengi, juu wakati ule yalikuwa yanapita wazi kwenye waya. Mtafiti wa chuo hicho, Tatu Ylönen, hakusema tuzime mashine. Alikaa chini akaandika SSH, ambayo inafunga kila kitu kwa fumbo toka mashine hii mpaka ile. Mwaka 1999 ikatoka OpenSSH, huria kabisa, na leo inatumika katika seva za dunia nzima, na kwa mashine yetu ya mtumba ya Nguba pia. Kufuli tunayoitumia ilizaliwa chuoni, siku ya wizi.

Sasa tunaingia hivi. Maneno ya siri tumeyakataza kwa SSH. Kila mtu ana jozi ya funguo: mmoja unabaki kwake, umefungwa na sentensi anayoijua peke yake, mwingine uko kwa mashine. VNC haisikiki nje hata kidogo. Mwenye kutoka kwenye kundi, ufunguo wake unafutwa siku ile ile. Tumekaa tukisoma orodha ya waliogonga mlango, ni mamia kila siku, na wote wanarudia nje. Kwa mara ya kwanza katika maisha yetu ya informatiki tulikuwa tunafanya kitu ambacho hakikuwa kwenye ubao.

Kuna wenzetu wanatuambia: kwa nini mujichoshe? Kuko programu za kampuni, unaweka, unapewa namba, unaingia, imeisha. Kweli, na mtu mwenye haraka hatumhukumu. Lakini elewa unachofanya: mstari wako unapita katikati kwao, na ndani ya programu ile huwezi kuangalia. Matapeli nao wanazipenda, wanakupigia simu wakijifanya benki, wanakwambia weka hii, soma namba. Kama ni lazima kupita kwa mtu wa katikati, kuko RustDesk, kodi yake iko wazi, na huyo wa katikati unaweza kumweka wewe mwenyewe.

Uwazi hauzuii hila, tusidanganyane. Mwezi wa tatu 2024, mwanainjinia mmoja, Andres Freund, aliona kitu kidogo: kuingia kwa SSH kwenye mashine yake ya majaribio kunachelewa, karibu nusu ya sekunde. Sisi hapa tunangojea dakika mbili ukurasa ufunguke na tunashukuru Mungu. Yeye alikataa kulala. Alichimba, akakuta kwamba ndani ya programu ndogo ya kubana faili, inaitwa xz, matoleo 5.6.0 na 5.6.1, kuna mlango wa nyuma uliotengenezwa kwa kuingilia SSH. Aliyeuweka alijiita Jia Tan, na alikuwa amesaidia mradi ule kwa zaidi ya miaka miwili, kwa upole, mpaka akaaminiwa na kupewa funguo. Kwa sisi tunaofanya kazi kwa makundi, habari ile ilituingia sana. Lakini angalia ilivyoisha: mtu asiye na cheo chochote kwenye mradi ule alifungua kodi, akasoma, akasema mbele ya wote, na mlango ukafungwa kabla haujafika kwa mifumo ya kawaida ambayo watu wengi wanatumia. Kama kodi ingekuwa kabatini kwa mkubwa, ni nani angesoma?

Tulikwenda kwa utawala wa chuo na haya yote. Mzee mmoja alitupokea vizuri, tumsifu kwa hilo, wengi hata kiti hawakupi. Alisema: "Watoto wangu, mukianza kuingia toka nje, mutaiba mitihani, na kitu kikiharibika nitamkamata nani?"

"Papa," tulimjibu, "ufunguo wa chumba unaning'inia wapi?"

Akacheka. Uko kwenye msumari nyuma ya mlango wa sekretaria, kila mtu anajua.

Mtu akiingia usiku na ufunguo ule wa msumari, hakuna atakayemjua. Mtu akiingia kwa akaunti yake, mashine inaandika jina, saa, na anwani aliyotokea. Linux ilijengwa toka mwanzo kwa watu wengi kwenye mashine moja: mwanafunzi hagusi faili ya mwenzake, hawezi kuondoa programu, hawezi kufika kwa mitihani kama mitihani haikuwekwa hapo, na hakuna anayeomba iwekwe hapo. Mitihani ibaki kwa kabati ya papa.

Kuhusu umeme: hatuombi mashine 21 ziwake usiku. Tunaomba moja. Yenye RAM ya 16 GB, na katika zile 21 kuko mbili za namna hiyo, tuliona karatasi zao za ununuzi. Moja ya hizo, ukiiwekea ekrani nyepesi kama Xfce, inabeba watu kadhaa wanaoandika TFC, kupiga hesabu za R au kuchora ramani. Paneli ya jua tayari iko juu ya paa la utawala, inawasha taa za uwanja.

Kuhusu intaneti, wengi wanakosea hapa. Kati ya mashine na simu zilizo kwenye Wi-Fi moja, ekrani inasafiri bila intaneti kabisa, bila mega hata moja. Mukumbuke mwisho wa 2018, baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba: intaneti ilikatwa nchi nzima karibu wiki tatu, mpaka Januari 2019. Wi-Fi ya chuo yenye seva yake ndani ingeendelea kutumika siku zote zile, maana haimwombi mtu wa Kinshasa. Wanafunzi wa home ya chuo wangeingia kutoka vitandani mwao. Na zile mashine za zamani zilizorundikwa nyuma ya maktaba, ambazo watu wanasema zimekufa, nyingi hazijafa, ni diski tu. Toka 1999 kuko mradi wa LTSP, ambao unaziwasha kupitia waya wa mtandao bila diski na kuzipa ekrani toka kwa seva.

Kwa wale wa nje ya chuo, wanaokaa Panzi au Bagira, ndiyo, mega zitahitajika. Hatutasema uongo kwamba ni bure. Lakini linganisha: kupanda taximoto kwenda na kurudi, ukute mlango umefungwa, au kutumia mega kiasi kwa jioni moja ya kuandika.

Kilichobaki ni kifupi. Tumepeleka barua, kurasa mbili. Tunaomba mashine moja kati ya 21, iwekwe Linux, ipewe mahali penye umeme wa paneli. Tunaomba akaunti kwa kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anayeitaka, na kwa waliomaliza bila kazi, kwa mwaka mmoja. Tunaomba wanafunzi wawili wa informatiki wafundishwe kuitunza, na kazi hiyo ihesabiwe kama staji, juu kila mwaka wanazunguka mji mzima wakitafuta mahali pa staji na kuishia kupiga fotokopi. Sisi tutaiweka bure. Tumeandika majina yetu 11 chini, na tumeandika pia habari ya mshale na mama 37, ili mtu asituambie tulificha.

Barua ina muhuri wa kupokelewa. Siku ya posho hii, saa mbili ya asubuhi, tutakuwa mbele ya mlango wa chumba na mashine yetu ya Nguba mgongoni mwa mmoja wetu, rutere moja ya kuazima, na waya wa umeme wa mita kumi, tuonyeshe kwa kibaraza. Uje na simu yako. Kama umesahau chaja, dada wa unite pa Nyawera anazo mbili.